Kuongoza Ventileta kwa Picha za Mapafu: Mwongozo Kamili wa Wodi ya Wagonjwa Mahututi

Skrini ya ventileta inakupa shinikizo, ujazo na idadi ya pumzi. Haikuambii pumzi imeingia sehemu gani ya pafu. Kwa mgonjwa wa ARDS (mapafu kushindwa kazi ghafla kwa kuvimba na kujaa majimaji) aliyelala chali, sehemu za mgongoni mara nyingi zimefunga kwa uzito wa pafu lililojaa majimaji, na mililita 400 ulizopanga kwa mapafu mawili huishia kwenye eneo dogo la mbele lililobaki wazi. Eneo hilo hutanuka kupita uwezo wake kwa kila pumzi. Picha ndiyo inayoonyesha hewa inakwenda wapi, lakini nayo ina upofu wake. Kwa hiyo mwongozo huu unashikilia kanuni moja: usibadilishe mpangilio wa mashine kwa picha peke yake, wala kwa namba peke yake. Vitazame vyote viwili kabla ya kila badiliko na baada yake.

Sehemu kubwa hapa ni ultrasaundi, kwa kuwa inafanyika kitandani, haitoi mionzi, na unaweza kuirudia baada ya dakika chache tu. Eksirei na CT (picha za vipande vya mwili zinazotengenezwa kwa eksirei na kompyuta) zina nafasi yake, tutazifikia.

Namba kabla ya picha

Pima urefu wa mgonjwa kwa futi kamba, kuanzia utosini hadi kisigino. Usiukisie, maana ujazo wa pumzi unatokana na urefu, si na uzito unaouona kitandani. Kwa mwanamume, uzito wa kukokotolea ni 50 + 0.91 × (urefu kwa sentimita − 152.4). Kwa mwanamke anza na 45.5 badala ya 50. Mwanamume wa sentimita 170 anapata kilo 66. Ukizidisha kwa mililita 6 ni karibu mililita 400. Kiwango hicho cha 6 kwa kilo kilithibitishwa na utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2000, ambapo vifo vilikuwa asilimia 31 kwa waliopewa pumzi ndogo, na karibu 40 kwa waliopewa mililita 12.

Kisha zuia pumzi mwishoni mwa kuingiza kwa takriban nusu sekunde, usome shinikizo la plato. Lisizidi 30 cmH2O (sentimita za maji). Toa PEEP (shinikizo ambalo mashine hulibakiza kwenye mapafu mwishoni mwa kutoa pumzi), na kinachobaki ni shinikizo la kusukuma. Lenga liwe chini ya 15. Kipimo hiki hakina maana kama mgonjwa anavuta pumzi mwenyewe wakati umeizuia: tazama mstari wa shinikizo, na kama haujalala bapa, rudia. Andika pia kiwango cha oksijeni inayotolewa na mashine (FiO2), SpO2 (oksijeni ya damu inayosomwa kidoleni) na presha ya damu. Hapo ndipo uchukue proba, kile kifaa cha ultrasaundi kinachowekwa kwenye ngozi.

Kupata picha inayosomeka

Tumia proba iliyopinda ya masafa ya chini, megahezi 2 hadi 5. Ile bapa ya megahezi 7 na kuendelea inaonyesha utando wa pafu vizuri zaidi, lakini haifiki chini. Zima programu za kulainisha picha, zikiwemo zile za kuchanganya pembe na za kupunguza chembechembe, kwa sababu zinafuta mistari tunayoitafuta. Weka kina cha sentimita 10 kwa mbele na 15 au zaidi kwa chini pembeni, na fokasi kwenye utando wa pafu.

1. Safisha mikono, pangusa proba na waya wake kwa dawa inayokubaliwa na mtengenezaji. Mashine hii inapita vitanda vingi, na waya ndio husahaulika.
2. Simamisha proba wima, alama ielekee kichwani. Utaona vivuli vya mbavu mbili, na kati yake, kama nusu sentimita chini ya usawa wa mbavu, mstari mweupe unaong'aa. Huo ndio utando wa pafu. Kama huoni mbavu mbili, hujui unatazama nini.
3. Tulia hapo kwa pumzi nzima, kuingia na kutoka.
4. Gawa kila upande wa kifua sehemu 6: mbele, pembeni na nyuma, zikitengwa na mstari wa mbele wa kwapa na mstari wa nyuma wa kwapa, kisha kila moja juu na chini. Jumla ni 12.
5. Kwa sehemu za nyuma, mgeuze mgonjwa kidogo, au sukuma proba kati ya godoro na mgongo ukiielekeza juu. Hapa ndipo pafu la mgonjwa anayelala chali hufunga kwanza, na hapa ndipo wapimaji wengi huruka hatua.
6. Upande wa chini tafuta kiwambo kwanza, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Ini na bandama zikionekana juu ya mahali unapodhani kiwambo kipo, ni rahisi kuziita pafu lililofunga.

Kila sehemu ipe alama kwa hali mbaya zaidi uliyoiona. Mistari A, ile ya mlalo inayojirudia kwa umbali sawa, pamoja na mistari B (ya wima, inayoshuka kutoka kwenye utando) isiyozidi 2, ni 0. Mistari B mitatu au zaidi iliyoachana ni 1. Mistari B iliyoungana hadi picha kuwa nyeupe ni 2. Pafu lililofunga kabisa, lenye sura ya ini, ni 3. Jumla inakwenda kutoka 0 hadi 36.

Mstari B wa kweli unaanzia kwenye utando wa pafu, unafika mwisho wa skrini bila kufifia, unafuta mistari A na unasogea pamoja na pafu. Mkia mfupi unaoishia katikati hauhesabiwi. Mng'ao ukiwa chini mno, mistari B hupotea na pafu bovu linapata alama ya 0. Ukiwa juu mno, kila kitu kinakuwa cheupe. Rekebisha mng'ao kwenye sehemu ya kwanza, kisha usiuguse hadi umalize zote 12, la sivyo huwezi kulinganisha.

Jumla yenyewe haina uzito mkubwa kuliko ramani. Mgonjwa mwenye 18 iliyokusanyika mgongoni na mwenye 18 iliyosambaa kila mahali wanahitaji mashine iliyopangwa tofauti. Andika alama za sehemu zote 12 kwenye faili, pamoja na PEEP iliyokuwepo wakati wa kupima na jinsi mgonjwa alivyolala. Alama isiyo na PEEP yake haimsaidii atakayepima kesho.

Moyo au pafu?

Mistari B pande zote mbili haimaanishi ARDS moja kwa moja. Moyo ukishindwa, utando huonekana mwembamba na laini, mistari imesambaa kwa usawa pande zote, inazidi kuelekea chini, na mara nyingi kuna maji kifuani. Katika ARDS utando ni mnene na wenye mikwaruzo, vipande vidogo vilivyofunga vimejibanza chini yake, na katikati ya maeneo mabaya kuna kisiwa cha pafu lisilougua. Tazama na moyo kwa proba hiyohiyo. PEEP husaidia hali zote mbili, lakini dawa ya kupunguza maji mwilini itamtibu mmoja, na mwingine inaweza kumwangusha presha bila kumfungulia pafu. Wapo wenye yote mawili, na si wachache.

Kusoma ramani na kupanga PEEP

Anza na maswali mawili: mbele kukoje, nyuma kukoje?

*Mbele kuna mistari A, nyuma kumefunga.* Pafu la mbele tayari liko wazi. Ukipandisha PEEP sana, shinikizo huenda kule kulikolegea, yaani mbele, na mgongoni panabaki vilevile. Kwa mgonjwa huyu PEEP ya wastani, 5 hadi 10, na kumlaza kifudifudi mapema kuna faida zaidi.

*Mistari B imejaa hata mbele.* Pafu lote limepoteza hewa, na hapa PEEP ya juu ina nafasi ya kufanya kazi. Ijaribu kwa hatua.

*Upande mmoja tu ni mbaya.* PEEP ya juu itatanua pafu zima (lile lisilougua) na kusukuma damu kuelekea bovu, na oksijeni inaweza kushuka. Mlaze kwa ubavu, pafu zima likiwa chini, ili damu nyingi ipite penye hewa. Isipokuwa kama pafu bovu linatoa damu au lina jipu: hapo bovu ndilo liwe chini, vinginevyo utamwagia zima.

Umakini katika kutofautisha ramani hizi si jambo la hiari. Utafiti wa LIVE uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa 2019 ulipanga mashine kwa kufuata sura ya pafu kwenye eksirei au CT. Kwa jumla haukupunguza vifo, na asilimia 21 ya wagonjwa walikuwa wamewekwa kwenye kundi lisilo lao. Waliopangiwa mashine isiyolingana na pafu lao walikufa zaidi. Eksirei ya mgonjwa aliyelala chali ni ngumu kuigawa mbele na nyuma, kwa kuwa vyote vinalaliana kwenye picha moja. Ramani ya sehemu 12 inakupa mgawanyo huo waziwazi.

Jaribio la PEEP linakwenda hivi. Hakikisha kwanza presha imetulia, hakuna hewa nje ya pafu, na mgonjwa hashindani na mashine. Panda kwa 2 hadi 4 cmH2O, ujazo wa pumzi ubaki uleule, subiri dakika 10 hadi 15, kisha pima tena plato, SpO2, presha na sehemu za pembeni na nyuma.

Mchukue yule mwanamume wa sentimita 170, ujazo mililita 400, oksijeni asilimia 70. Kwa PEEP 8 plato ni 24, hivyo shinikizo la kusukuma ni 16. Sehemu za pembeni zina alama 2, za nyuma 3. Unapanda hadi 12: plato 25, kusukuma 13, pembeni alama zimeshuka hadi 1, SpO2 imepanda, presha haijayumba. Mililita 400 zilezile sasa zinaingia kwa nguvu ndogo, maana yake pafu jipya limefunguka. Unapanda tena hadi 16: plato 32, kusukuma 16. Kwenye skrini ya ultrasaundi picha ni ileile, pengine hata nzuri zaidi kidogo. Rudi 12.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye hatari kubwa katika kazi hii yote. Ultrasaundi haioni pafu lililotanuka kupita kiasi. Pafu lenye hewa ya kutosha na pafu linalokaribia kupasuka yote yanatoa mistari A. Mtu anayefuata alama peke yake atapandisha PEEP bila kikomo, kwa kuwa alama zitazidi kupendeza. Shinikizo la kusukuma linalopanda, plato inayopita 30, presha inayoshuka na kaboni dioksaidi inayopanda ndivyo vinavyokwambia usimame.

Kwa sababu hiyohiyo, achana na mtindo wa kulipua pafu kwa shinikizo kubwa la muda mrefu ili kulifungua. Utafiti wa ART wa mwaka 2017 ulijaribu ufunguaji wa namna hiyo pamoja na kupanga PEEP kwa ulegevu wa pafu (urahisi wake wa kutanuka), na vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 55.3 dhidi ya 49.3 kwa waliotibiwa kwa PEEP ya chini.

Kumlaza kifudifudi

Uamuzi huu hausubiri picha. Kama uwiano wa PaO2 (shinikizo la oksijeni kwenye damu ya ateri) kwa FiO2 uko chini ya 150, oksijeni ni asilimia 60 au zaidi na PEEP ni angalau 5 baada ya kupanga mashine vizuri, mgeuze, na abaki hivyo saa 16 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Katika utafiti wa PROSEVA wa 2013, vifo vya siku 28 vilishuka kutoka asilimia 32.8 hadi 16.

Picha inafanya kazi pembeni yake. Kabla ya kugeuza, hakikisha kina cha mrija wa hewa ulioingizwa kooni, na kwamba pafu zote mbili zinateleza, yaani mstari wa utando unasogea huku na huku kwa kila pumzi. Akishageuzwa, mgongo wote uko wazi kwa proba: pima sehemu za nyuma baada ya saa moja au mbili, na tena kabla ya kumrudisha chali. Pafu la nyuma likiwa limefunguka na shinikizo la kusukuma limeshuka, unaweza kupunguza oksijeni, halafu PEEP, taratibu. Lakini usimrudishe chali mapema kwa sababu picha haijabadilika. Faida ya kifudifudi inatokana pia na kugawa mtanuko wa pafu sawasawa, na hilo halionekani kwenye alama.

Oksijeni ikishuka ghafla

Hapa ultrasaundi inaokoa dakika za thamani, ilimradi mpangilio uwe kichwani kabla ya dharura. Pandisha oksijeni hadi asilimia 100, tazama mirija yote haijachomoka wala kujikunja, pitisha mpira wa kufyonza makohozi. Mwenzako akifanya hayo, weka proba mbele ya kifua, kulia kisha kushoto, na utafute kuteleza kwa utando.

Ukiteleza, au ukiwepo hata mstari B mmoja, mahali hapo hakuna hewa nje ya pafu. Usipoteleza, tazama kama mstari unatikisika kidogo kwa kila pigo la moyo. Mtikisiko huo unathibitisha kwamba tando mbili bado zimegusana. Kushoto hakutelezi lakini kunatikisika na moyo, kulia kunateleza vizuri: mrija umeingia bronkasi ya kulia (tawi la njia ya hewa linalokwenda pafu la kulia). Legeza puto lake, vuta mrija sentimita 1 hadi 2, jaza puto tena, rudia picha.

Kama hakuna kuteleza, hakuna mtikisiko na hakuna mistari B, telezesha proba kuelekea pembeni ukitafuta pale ambapo pafu linagusa na kuachana na kifua kwa kila pumzi. Ukipaona, umepata uthibitisho wa hewa nje ya pafu. Ila presha ikiwa inaporomoka, usiendelee kutafuta. Toa hewa kwanza. Na kumbuka kutoteleza kuna sababu nyingine: makovu ya utando, pafu lililofunga sana, mgonjwa asiyepokea pumzi. Hewa iliyojaa chini ya ngozi huziba kila kitu, na hapo ultrasaundi haina la kusema.

Pafu lililofunga ghafla likionyesha ndani yake vimistari vyeupe vinavyokwenda na kurudi pamoja na pumzi, njia ya hewa iko wazi na nimonia ndiyo mshukiwa mkuu. Vimistari vikiwa vimesimama, fikiria makohozi mazito yaliyoziba. Kufyonza, kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia na bronkoskopi (kuingiza kamera kwenye njia ya hewa) vitafanya kile ambacho PEEP haitafanya.

Maji kifuani pima kwenye mstari wa nyuma wa kwapa, mgonjwa akiwa ameinuliwa nyuzi 15. Upana wa maji kwa milimita ukizidisha kwa 20 unapata kadirio la mililita: milimita 25 ni karibu mililita 500. Kuwepo kwa maji si sababu ya kuyatoa. Yatoe yanapobana pafu na kuzuia kuachisha mashine, au yanaposhukiwa kuwa usaha.

Eksirei na CT

Eksirei ipigwe inapohitajika, baada ya kuweka mrija au hali kubadilika, si kila asubuhi kwa mazoea. Ncha ya mrija wa hewa ikae sentimita 3 hadi 5 juu ya mahali bomba la hewa linapogawanyika. Kabla ya kuusogeza, angalia shingo ilikuwaje wakati wa picha: kidevu kikiinama ncha inashuka kama sentimita 2, kikiinuka inapanda kiasi hichohicho.

CT ndiyo inayoona vyote, pamoja na pafu lililotanuka kupita kiasi ambalo ultrasaundi hulikosa. Gharama yake ni safari. Mpeleke mgonjwa kwa swali litakalobadilisha tiba: damu iliyoganda kwenye mishipa ya pafu, jipu, hewa iliyojificha, au ARDS isiyoeleweka. Kwa safari ya dakika 30 na pumzi ya lita 10 kwa dakika kwa oksijeni tupu, mgonjwa atatumia lita 300. Beba angalau 600. Unapohamisha kutoka mashine moja kwenda nyingine, bana mrija kwa kibano mwishoni mwa kuingiza pumzi, na ufungue baada ya kuunganisha. Sekunde chache za kukosa PEEP zinatosha kufunga pafu ulilolifungua kwa siku nzima. Mgonjwa anayevuta mwenyewe kwa nguvu usimbane hivyo.

Kumwachisha mashine

Pima sehemu 12 kabla ya jaribio la kupumua mwenyewe, na tena mwishoni mwake, mrija ukiwa bado upo. Katika utafiti wa mwaka 2012 uliotumia jaribio la saa moja, waliokuwa na alama chini ya 13 mwishoni mara chache walipata shida baada ya mrija kutolewa, na waliozidi 17 walikuwa kwenye hatari kubwa. Alama zikipanda sana ndani ya jaribio, pafu linapoteza hewa shinikizo linapoondoka. Mistari B ikiongezeka mbele pande zote mbili, tazama moyo na wingi wa maji mwilini kabla ya kulaumu pafu.

Kisha kiwambo. Chukua proba bapa, iweke kati ya ubavu wa 8 na wa 10 karibu na mstari wa mbele wa kwapa: kiwambo ni tabaka jeusi kati ya mistari miwili myeupe. Pima unene mwisho wa kutoa pumzi na mwisho wa kuvuta. Milimita 2.0 ikiwa 2.5 ni ongezeko la asilimia 25. Katika jaribio la kupumua mwenyewe, ongezeko la zaidi ya asilimia 30 hivi ni dalili njema. Mwendo wa kiwambo chini ya ubavu wa kulia usiofika sentimita 1 unaonyesha udhaifu. Mwendo huo upime mgonjwa akiwa hasaidiwi na mashine, kwa sababu shinikizo la ventileta husukuma hata kiwambo kilichopooza.

Pafu likiwa safi na kiwambo dhaifu, mrija usitolewe kwa matumaini. Punguza dawa za usingizi, rekebisha fosfeti, potasiamu na magnesiamu, mwinue kichwa nyuzi 30 hadi 45, na shusha msaada wa mashine hadi kiwambo kifanye kazi ya wastani, ongezeko la unene la asilimia 15 hadi 30 kwa kila pumzi. Rudia jaribio kesho yake, proba ikiwekwa palepale. Chora alama ya kalamu kwenye ngozi ili anayepokea zamu apime mahali hapohapo.